Ndugu wote tunatuma pesa, lakini mama anaangaliwa na nani?

Kifunguamimba: Wakuu, naombeni mawazo. Tumezaliwa watano, wote tumeajiriwa mbali na nyumbani. Mchango wa kila mwezi unaingia kwenye simu ya mama bila kuchelewa. Mama ana presha na macho yamefifia. Nilipokwenda kumwona nikakuta vidonge vya asubuhi karibu vyote bado vimo kwenye pakiti, vya jioni vimekwisha. Pesa ya dawa ilikuwapo, mtu wa kumsomea hakuwapo. Zamani kazi hiyo ingeangukia mkaza mwana au mjukuu wa kike. Leo mmoja yuko kazini, mwingine yuko shule, na siko tayari kumtoa yeyote huko. Nyie mnagawana vipi uangalizi wenyewe?

Mtu Mzima: Mwanangu, msilaumiane. Mwaka 1976 mwanademografia (mtaalamu wa mambo ya idadi ya watu) John Caldwell alieleza kwamba watoto wakianza kusomeshwa, mkondo wa mali hugeuka: uliokuwa ukitoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi huanza kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Wazazi wenu waliwasomesha ili mwende mbali, mkaenda. Pensheni na wauguzi wa majumbani ndivyo vilivyobaki nyuma.

Karani: Wengine wameamua kutunga sheria. Singapore kwa sheria ya 1995 na India kwa sheria ya 2007, mzazi anaweza kumdai mtoto matunzo mbele ya baraza. China, tangu 2013, sheria inamtaka mtoto anayeishi mbali amtembelee mzazi mara kwa mara.

Kifunguamimba: Karani, baraza litaamuru pesa, na pesa sisi tunatuma. Presha haingoji siku ya kutembelewa.

Dada Mkubwa: Kwetu mdogo wetu anakaa na baba, anamwogesha, anampeleka kliniki. Kwa miaka tulimhesabu kuwa hana kazi, na kwenye vikao vya familia alikuwa hana kauli. Hilo lilikuwa dhulma. Sasa tunamlipa mshahara, na kila likizo mmoja wetu, wa kike au wa kiume, anashika zamu ili apumzike.

Kifunguamimba: Ahsante sana dada, hili nalipeleka kwa ndugu zangu leo. Akitaka kuacha mnafanyaje?

Dada Mkubwa: Anatupa notisi ya miezi mitatu, tunatafuta mtu. Tuliandikiana, na baba alikuwepo.