Nataka kuyeyusha bangili za bibi nitoe pete za ndoa, wajuzi wa mambo ya sonara njooni

binti_pangani
Habarini za humu wakuu. Mwezi wa 12 naolewa inshallah, na bibi yangu wa Tanga kanipa bangili zake mbili za zamani, nyembamba, moja imeshapinda haivaliki tena. Mimi na mchumba tumekubaliana tusinunue pete za kwenye trei maana zile kila mtu anazo, tuyeyushe hizi bangili zitoke pete mbili, yangu na yake, dhahabu moja. Nimepimisha, karati 22, gramu 11. Yangu nataka iwe na kijiwe cha tanzanite juu, ya kwake isiwe na kitu maana ni fundi magari. Ndani tuchore jina la kanga ya bibi, WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI. Swali, gramu 11 zinatosha? Na nitajuaje fundi hajanipiga?

mzee_wa_tupa
Hongera mwanangu. Zinatosha na zinabaki, ila sikiliza hesabu maana hapa ndo watu wanaliwa. Karati 22 ni laini, kwa mkono wa kushika spana hiyo pete itakuwa umbo la yai haichukui muda, kwa hiyo mtaishusha iwe 18, yaani robo tatu dhahabu na robo iliyobaki fedha na shaba. Sasa kwenye gramu 11 zako dhahabu tupu ni kama 10 na kidogo, gawa kwa 0.75 unapata 13.4. Umeona eeh? Inaingia 11 ya karati 22, inatakiwa itoke 13 na ushee ya karati 18, pete pamoja na mabaki, utoe unga kidogo uliopotea kwenye tupa. Fundi akikupa jumla 11 akakwambia "uzito uleule dada" na wewe ukashukuru, ujue kashakula zaidi ya gramu mbili mbele ya macho yako.

Jingine, hizo bangili angalia zilipoungwa, pale pana lehemu, na lehemu huwa ya karati ya chini. Mwambie apakate pale kabla ya kuyeyusha, akichanganya yote pete inaweza kuja kupasuka akianza kuigonga. Na usimwachie ukaenda zako sokoni. Kaa kwenye kigoda, ione ikiingia kwenye chungu, ikishaiva inajikusanya inakuwa duara linalotetemeka kama kiini cha yai, akiimwaga unapata kijiti, kipimwe hapohapo, kikatwe vipande viwili na wewe upo.

Chura_Kiziwi
Mambo mengi muda mchache, si mnunue tu 🤣

mzee_wa_tupa
@Chura_Kiziwi nunua wewe, bibi hajakupa bangili.

mama_wawili_AR
Dada tanzanite kwenye pete ya kuvaa kila siku USITHUBUTU. Nipo Arusha, mawe nayaona kila siku, na ya kwangu ya uchumba ilikuwa tanzanite, nzuri hadi watu wananishika mkono kwenye daladala, nikaigonga kwenye sinki naosha sufuria ikachomoka kipande pembeni, basi tena. Ugumu wake kwa kile kipimo cha mawe cha 1 mpaka 10 ni 6 na nusu hivi, mchanga wa kawaida ni 7, kwa hiyo hata vumbi ukifuta meza linaikwaruza pole pole inapoteza ule mng'ao. Weka kwenye herini huko haigongwi. Kwa pete chukua safaya, ugumu 9, na tena wewe ni wa Tanga, safaya za bonde la Umba ziko mkoani kwenu hukohuko na zina rangi mpaka utachanganyikiwa, sio bluu tu. Mwambie fundi asiishike kwa kucha, vile vimeno vya dhahabu vinavyobana jiwe, aizungushie ukingo wa dhahabu, haitanasa kwenye nguo wala kwenye nywele za mtoto.

kaka_mwembamba
Naongezea la saizi. Msipime asubuhi na baridi, vidole vinakuwa vimesinyaa, mimi nilipima saa moja asubuhi, kuja siku ya harusi na joto la Dar pete ikagoma kwenye kifundo, mchungaji kasubiri, MC anachekesha watu, aibu tupu. Pimeni jioni na zile pete za kupimia za sonara, uzi unadanganya. Kama ya jamaa itakuwa pana ongezeni nusu saizi.

Na hayo maandishi ni marefu sana kwa pete ya kike, ndani una kama milimita 52 tu, herufi zitakuwa za kusomea miwani. Gawaneni sentensi. Halafu muacheni nafasi tupu upande wa chini, maana siku ikibanwa au kupanuliwa inakatwa hapo na maneno yatakatika.

binti_pangani
Jamani asanteni, yaani hiyo hesabu ya 13.4 nimeiandika nyuma ya daftari la michango 😂 Tanzanite nimeiacha, jumamosi tunaenda kwa sonara wote wawili na bibi anataka kuja, kasema atakaa kwenye kigoda yeye. La kugawana sentensi tumelipenda, shida mimi nimeshachukua WAWILI WAKIPENDANA na mchumba kagoma, anasema hawezi kuvaa neno adui kidoleni maisha yake yote. Tunaomba mawazo.

Chura_Kiziwi
Mpe yeye wawili, adui uvae wewe, si ndo mwenye nyumba 🤣🤣