Omeprazole nameza kila nikiungua, mbona hainisaidii?

BintiWete: Asalaam alaykum. Mwezi wa pili huu kiungulia kimenishika, usiku kifua chawaka mpaka nakaa kitako. Nilipewa omeprazole miligramu 20. Nikila urojo nikaungua, nameza kimoja. Saa nzima yapita, nafuu sioni. Juzi nikaifungua kapsuli nikazitafuna zile punje ili ziwahi kufanya kazi. Patupu! Au nimeuziwa feki?

KarafuuKavu: Waalaykum salaam. Urojo usiku na pilipili juu, halafu walaumu dawa 😂

MezaYaDawa: Dada, dawa huenda ni nzima, wakati ndio umeukosea. Zile punje zimevikwa ngozi ya kuzikinga na asidi. Ukizitafuna, asidi yaiharibu dawa humo humo tumboni. Yatakiwa ifike utumbo mwembamba, iingie kwenye damu, na damu ndiyo iipeleke kwenye ukuta wa tumbo ikafunge pampu zinazotoa asidi. Tena hufunga pampu iliyoamka tu, na kinachoziamsha ni chakula. Basi meza nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kila siku kama ulivyoandikiwa, usingoje kuungua. Nguvu yake kamili huja baada ya siku tatu nne. Ini huivunja ndani ya saa chache, lakini pampu iliyokwishafungwa haifunguki; mwili hutengeneza nyengine. Ndio maana kimoja kwa siku huwatosha wengi.

Ya kutuliza papo hapo ni ile ya kutafuna yenye magnesiamu na alumini.

BintiWete: Kumbe mie naipeleka wakati karamu imeshakwisha!

MamaChake: Mwanangu, na za maumivu humezi?

BintiWete: Diklofenaki, mama. Tangu tuanze kuchuma karafuu mgongo hauniachi, kila jioni.

MezaYaDawa: Ungeanza na hilo! Diklofenaki hupunguza ute unaoulinda ukuta wa tumbo, huleta vidonda. Iache, muulize daktari akupe nyengine. Akupime na H. pylori, kijidudu cha tumboni ambacho nacho huleta vidonda, lakini mwambie watumia omeprazole: kipimo cha choo au cha pumzi chataka uwe umeiacha wiki mbili, ama kitasema huna na kumbe unacho. Ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, hospitali saa hiyo hiyo.

BintiWete: Choo hakijabadilika, alhamdulillahi. Jumatatu nakwenda kupimwa. Diklofenaki nishaitupa, urojo bado twazungumza.

KarafuuKavu: 😂😂 Mwambie daktari na hilo.