Landrover 109 ya marehemu mzee: niifufue au ninunue iliyokwisha tengenezwa?

UsaRiver_79
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri wa kweli. Mzee wetu alituachia Landrover 109 Series III ya mwaka 1978, imekaa nyuma ya nyumba miaka 11 sasa, injini imekwama, siti panya wamemaliza, turubai limeoza. Tangu ile festival ya Landrover hapa Arusha Oktoba 2024 nilivyoziona zimepangana vile machozi yalinilenga na sijatulia mpaka leo. Fundi kaniambia mil 9 inatosha kuisimamisha. Juzi sasa kuna jamaa Moshi anauza ya kwake, rangi mpya, inatembea, anataka 19. Kwa hesabu nafaidi mil 10 nzima nikitengeneza ya mzee, ila roho inasita. Mliopitia nipeni mwanga

Spana17
Pole kwa kumpoteza mzee. Hiyo 9 zidisha mara mbili ndio uanze kupanga. Mimi niliambiwa 8 nikamaliza na 21 na ushee, miaka miwili na nusu, na hapo sijahesabu nauli za kufuata spea Dar. Tena usiogope injini, ile ya lita 2.25 ya petroli fundi yeyote mzoefu anaifungua, unachonga silinda unaweka pistoni na ringi mpya maisha yanaendelea. Kilichonimaliza mimi ni chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari. Bodi ni alumini kwa hiyo haioti kutu kama bati la chuma, unaiangalia unasema gari zima kumbe chini limeisha, maana chesisi ni chuma cha boksi kina uwazi ndani, matope yanaingia na maji yanakaa humo, kutu inakula kuanzia ndani kuja nje. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, lala chini, gonga toka nyuma mpaka mbele. Pakilia vizuri salama, pakitoa sauti nzito iliyokufa choma na bisibisi. Ikizama, hesabu ya fundi wako imeshakufa

Dada wa Tengeru
Naongezea kaka, pale alumini inapokutana na chuma angalia kama kuna unga mweupe, ni dalili alumini inaliwa, chini ya milango hasa na ule ukuta wa mbele miguuni kwa dereva, ule ni chuma na kuuchomelea upya ni kazi ya wiki. Na hiyo ya Moshi usiipapatikie kwa sababu ya rangi. Watu wamezoea kwenda na sumaku kutafuta puti, ile ya kuzibia mashimo kabla ya rangi, kwenye bodi ya Landrover haikusaidii maana haishiki alumini kabisa, ila ipitishe kwenye chesisi, isiposhika ujue pamejazwa puti wakapaka nyeusi juu. Halafu namba imegongwa kwenye chesisi pale mbele, linganisha na kadi kabla hujatoa hata shilingi. Mume wangu alinunua bila kuangalia, chesisi ilikuwa ya gari lingine, tumehangaika na makaratasi mwaka mzima

Mzee Kilombero
Kijana muulize pia ina injini gani. Nyingi wameweka dizeli ya Toyota, kwa shamba ni sawa kabisa, mafuta kidogo na spea kila duka, lakini usilipe bei ya gari la asili. Kwa pesa tupu nunua iliyokamilika, aliyeitengeneza hasara ameshaila yeye. Ila ya baba yako hiyo sio hesabu ya pesa tupu

UsaRiver_79
Shikamoo mzee, asanteni sana wote. Nimeshuka chini asubuhi hii na nyundo. Mbele na katikati panalia vizuri, nyuma pote pale inaposhikia springi bisibisi imezama mpaka kwenye mpini. Nimerudi kwa fundi na picha akakaa kimya kwanza halafu akasema 15, bila rangi. Jumamosi naenda Moshi na nyundo hiyohiyo na sumaku. Ya mzee siiuzi lakini, nitaijengea banda kwanza isiendelee kunyeshewa