Naanzia wapi kwenye blues? Naomba albamu na muvi za maana

Mwanagitaa

Habari zenu wakuu. Nimeangalia Sinners ya Ryan Coogler, ile ya 2025, na tangu hapo situlii. Wale wanyonya damu sawa, ila kilichonishika ni muziki, ile blues ya watu weusi wa Marekani. Pale yule kijana Sammie anapoimba na ukumbi wote unajaa watu wa kale na watu wa baadaye wanacheza pamoja nikasema hapa kuna kitu kikubwa na mimi nakijua nusunusu tu. Nikamtafuta Robert Johnson, yule mpiga blues wa miaka ya 1930, mana kila mtu anamtaja, nikakuta sauti inatokea mbali, mikwaruzo, mtu mmoja na gitaa lake basi. Nahisi utamu upo mle ndani lakini sikio langu halijaufikia. BB King namjua kwa The Thrill Is Gone na hapo ndo mwisho wangu. Nipeni albamu za kusikiliza mwanzo mpaka mwisho na muvi au dokumentari zenye uzito. Alafu nianze na hizi za kale au nianze na za gitaa la umeme ndo nirudi nyuma?

Nyuzi Sita

Karibu sana mkuu. Rudi kinyumenyume, anzia Chicago kwenye gitaa la umeme ushuke mpaka Mississippi kwenye zile za kale, mana wengi wa wale waliotengeneza ule mlio wa Chicago ni watoto wa mashamba ya pamba waliopanda treni kwenda kaskazini kutafuta kazi viwandani, kwa hiyo ukiwafuata watu wenyewe muziki wa kale unajifungua taratibu.

Ya kwanza ni Muddy Waters, At Newport 1960. Ni live, Otis Spann yuko kwenye piano, James Cotton kwenye hamonika, na wakifika Got My Mojo Working watu wanapagawa mpaka bendi inaupiga tena. Baada ya hapo BB King, Live at the Regal, ilirekodiwa Chicago Novemba 1964. Hapo sikiliza jambo moja, akiimba gitaa linanyamaza na akinyamaza gitaa ndo linaongea, hawakatishani hata kidogo, yaani ni mazungumzo ya wawili, na wale wanawake wanaopiga kelele ukumbini ni wa tatu.

Sasa daraja lako liko hapa: Folk Singer ya Muddy Waters, 1964. Gitaa halina umeme, Buddy Guy akiwa kijana anamsaidia, Willie Dixon kwenye besi, na imerekodiwa kwa usafi mpaka unasikia pumzi. Ukiizoea hii rudi kwenye zile alizorekodi yeye mwenyewe 1941 akiwa bado mfanyakazi wa shamba la Stovall karibu na Clarksdale, Alan Lomax na John Work walipomfuata na mashine yao kwa ajili ya maktaba ya bunge la Marekani. Sauti ni ileile, mkono ni uleule, ila hajawa staa. Miaka miwili baadae akaenda Chicago. Ukitoka hapo ndo uende kwa Son House, mtu aliyemfungua Muddy macho, alafu Robert Johnson. Johnson aliacha nyimbo 29 tu, alizorekodi San Antonio 1936 na Dallas 1937, na 1938 akafa ana miaka 27. Ukimsikiliza kwa mpangilio huu utagundua ule mguu wa besi anaopiga kwa dole gumba ndo baadae bendi za Chicago zikaugawa kwa watu wanne.

Kuhusu mikwaruzo, Johnson mbona ana nafuu. Subiri ufike kwa Charley Patton na Skip James. Hao walirekodi kwa Paramount, kampuni iliyomilikiwa na watengeneza fanicha wa Wisconsin, wakaingia kwenye santuri ili kuuza makabati ya gramafoni. Santuri zao zilikuwa za mali ghafi ya hovyo, zile bamba za chuma za kuzalishia nyingi zimepotea, kwa hiyo tunachosikia leo kimenakiliwa kutoka kwenye nakala chache zilizochakaa mikononi mwa wakusanyaji. Mimi naona ni bahati kubwa hata hicho kipo.

Bi Santuri

Nyuzi Sita kaka yangu nakuheshimu ila umemaliza orodha nzima bila mwanamke hata mmoja na hiyo sikubali kabisa. Blues iliingia kwenye santuri kwa sauti za wanawake. Mamie Smith alirekodi Crazy Blues Agosti 1920 New York, ikauzwa kwa wingi mpaka kampuni zikashtuka kumbe watu weusi wananunua santuri, na hapo ndo mlango ukafunguka. Patton anaingia studio 1929, Johnson 1936, wakati huo Ma Rainey na Bessie Smith walishatangulia zamani, wote wawili walianza kurekodi 1923.

Mwanagitaa mdogo wangu, kabla ya kitu chochote angalia filamu fupi inaitwa St. Louis Blues, ya 1929, ina kama robo saa hivi. Ndo picha pekee za filamu tulizonazo za Bessie Smith akiimba. Yuko kwenye baa, ameachwa na mwanaume, kaegemea kaunta na glasi, anaanza kuimba taratibu alafu ukumbi mzima unamuitikia kama kwaya. Sauti ile haikuhitaji maikrofoni, wale wanawake walikulia kwenye mahema ya maonyesho ambako usipojaza hema kwa kifua chako hujaimba.

Baada ya hapo tafuta Ma Rainey's Black Bottom ya 2020, Viola Davis ndo Ma Rainey, na ni muvi ya mwisho kuigizwa na Chadwick Boseman. Hadithi yote inapita siku moja studio Chicago 1927. Watu wengine wanasema imekaa kijukwaa sana, ni kweli ilitokana na tamthilia ya August Wilson, lakini hakuna muvi nyingine inayonionyesha wazi hivi nani alikuwa anakula hela ya ile sauti. Ma anakataa kusaini mpaka apate anachotaka kwasababu anajua wakishapata sauti yake hawana shida nae tena.

Na Memphis Minnie usimpite. Alipiga gitaa kuliko wanaume wengi wa wakati wake, When the Levee Breaks aliirekodi 1929 pamoja na Kansas Joe McCoy, inahusu mafuriko ya mto Mississippi ya 1927. Alafu Sister Rosetta Tharpe, najua mtasema yule ni wa gospo, sawa, lakini angalia video yake ya Manchester 1964, stesheni ya treni iliyokuwa haitumiki, watu wamekaa jukwaa moja na yeye yuko ng'ambo ya reli, mvua imenyesha, koti zuri, gitaa la umeme shingoni. Uiangalie tu utaniambia.

Mla Filamu

Upande wa dokumentari iko seti inaitwa The Blues, 2003, filamu saba, kila moja na muongozaji wake, Martin Scorsese ndo alisimamia. Haziko sawa kwa ubora na sio lazima zote. Mbili za kutokosa: Feel Like Going Home ya Scorsese mwenyewe, na The Soul of a Man ya Wim Wenders inayowahusu Skip James, Blind Willie Johnson na J.B. Lenoir. Blind Willie ndo yule ambae wimbo wake wa 1927, mtu anaguna tu na gitaa la slaidi, lile la kutelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi, hakuna maneno, uliwekwa kwenye ile santuri ya dhahabu waliyorusha na vyombo vya Voyager angani 1977.

Ile ninayoipenda mimi kuliko zote ni The Blues Accordin' to Lightnin' Hopkins ya Les Blank. Nusu saa tu. Hakuna msimulizi, hakuna profesa anayekuelezea, ni Hopkins kwao Texas anapiga, anaongea, watu wanakula wanacheza, na ukimaliza umeelewa zaidi ya ambavyo kitabu kingekueleza.

Cadillac Records ya 2008, hii ni muvi ya kuigiza kuhusu wanamuziki wa Chicago, angalia kwa ajili ya Jeffrey Wright kama Muddy na Beyoncé kama Etta James, wameigiza vizuri. Historia yake usiibebe kama ilivyo, wamebana na kuchanganya mambo mengi.

Mwanagitaa

Asanteni sana jamani, hii ni hazina. Dada Bi Santuri nimeiangalia ya Bessie Smith saa hii hii, nimekosa cha kusema. Swali lingine, ile sehemu ya Sinners inaunganisha blues na Afrika moja kwa moja. Kuna rekodi ambazo mtu anasikia huo undugu kwa masikio yake au ni maneno ya watu tu?

Upepo wa Sahel

Zipo. Fanya hivi, weka Boogie Chillen' ya John Lee Hooker, 1948, mtu mmoja, gitaa la umeme, mguu unapiga sakafu, kodi moja (chord, nyuzi zinazolia pamoja) mwanzo mwisho haihami. Ikiisha tu weka Ali Farka Touré wa Mali, albamu ya Niafunké ya 1999, aliirekodi kwenye mji wake. Mzunguko uleule usiohama, sauti inaita gitaa linajibu. Touré mwenyewe alipomsikia Hooker aliona anasikia muziki wa kwao. Aliyopiga na Mmarekani Ry Cooder, Talking Timbuktu ya 1994, ilipata Grammy na ni rahisi zaidi kuingia, ila mimi nakusukuma kwenye Niafunké. Ile Feel Like Going Home aliyoitaja Mla Filamu inampeleka Corey Harris, mpiga blues wa Marekani, mpaka Mali kukaa na Touré, utawaona wanabadilishana nyimbo uso kwa uso.

Ila tusirahisishe, blues ilizaliwa Marekani kwa mateso ya Marekani, huwezi kuichukua ukasema ni ya Mali imesafiri. Ni ndugu, wamelelewa nyumba tofauti.

Na tafuta Soul Power, 2008, ni tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, lile lililoandaliwa pamoja na pambano la ngumi la Muhammad Ali na Foreman. BB King yumo, James Brown, Miriam Makeba, Franco pia.

Mwanagitaa

Nyuzi Sita, zile za Muddy za Stovall nazitafuta kwa jina gani?

Nyuzi Sita

The Complete Plantation Recordings, ilitoka 1993. Katikati ya nyimbo kuna mahojiano, usiyaruke, Muddy anaulizwa alijifunza kwa nani na anamtaja Son House kwa mdomo wake. Na Bi Santuri ana haki, Memphis Minnie msikilize kabla hujafika kwa Johnson.