Bili ya helikopta kutoka Tirol, bima imekataa: nilipe kwanza au nisubiri?

Rehema, Augsburg:

Shikamooni wakubwa, wengine habari za siku.

Naomba msaada wa haraka. Mwezi uliopita nilikwenda Tirol, Austria, na wenzangu wa wodini kupanda via ferata, yaani njia ya mwambani yenye waya wa chuma wa kujifungia, daraja C, ambalo ni gumu. Hanesi, helmeti, kila kitu tulikuwa nacho, na hewa ilikuwa safi. Tukiwa katikati ya ukuta, kundi lililotutangulia likaangusha jiwe, likanipiga kifundo cha mkono wa kulia. Mkono ukafa ganzi palepale. Kushika waya siwezi, kupanda siwezi, kushuka siwezi. Mwenzangu akanifungia kwa kamba fupi kwenye chuma kilichopigiliwa mwambani, akapiga 140, namba ya uokoaji wa milimani ya Austria. Helikopta ikaja, nikanyanyuliwa, nikapelekwa hospitali ya bondeni. Kule walisoma EHIC yangu, ile kadi ya bima ya afya ya Ulaya, nikawekewa plasta, sikudaiwa hata senti.

Sasa imekuja bili ya helikopta: zaidi ya euro 4,000, muda wa kulipa siku 14. Niliituma GKV yangu, bima ya afya ya umma ya Ujerumani. Jana wamenijibu kwa ukurasa mmoja kwamba kuokolewa mlimani si matibabu, kwa hiyo hawalipi. Nimewapigia simu, dada aliyepokea akaniambia niandike pingamizi, lakini nilipomuuliza kama bili inasimama wakati pingamizi linashughulikiwa, akasema hilo halimhusu. DAV, chama cha wapanda milima cha Ujerumani, mimi si mwanachama. Je, nilipe kwanza ndipo nidai, au nisubiri? Aliyepitia haya anisaidie.

Mama Neema, Nürnberg:

Marahaba mwanangu, pole sana, na mkono upone. Wasikutishe hao. Baba Neema alivunjika mguu kule Allgäu, waokoaji wa milimani, Bergwacht, wakamshusha kwa machela, baadaye gari la wagonjwa, na GKV ililipa yote. Sisi tulitoa ile euro 10 ya kuchangia tu. Andika Widerspruch, yaani pingamizi, ndani ya mwezi mmoja tangu upokee barua, na usimalizane nao kwa simu hata siku moja. Simu haina ushahidi. Andika, tia sahihi, tuma kwa rejista, baki na nakala. Sababu unaweza kuzileta baadaye, cha muhimu ni tarehe isikupite.

Salim, München:

Mama Neema, kwa heshima yako, Allgäu ni Ujerumani. Rehema alikuwa Austria. Ni mambo mawili tofauti kabisa, na kila mwaka humu yanachanganywa.

EHIC haikupi haki za Kijerumani ukiwa nje. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 883/2004 inakupa kile anachopata mwenye bima wa nchi uliyoko. Sasa huyo Mwaustria mwenyewe anapata nini? Sheria yao ya bima ya jamii, ASVG, kifungu cha 131 aya ya 4, inasema wazi kwamba ajali ikitokea kwenye michezo na utalii, gharama za kuokolewa na za kusafirishwa mpaka bondeni hazirudishwi. Jirani yako wa Innsbruck akianguka kwenye waya uleule naye analetewa bili. Ndiyo maana watu wa kule hawapandi bila bima ya uokoaji.

Lakini usikate tamaa, Rehema. Soma tena maneno ya kifungu: "mpaka bondeni". Daktari aliyekuhudumia ndani ya helikopta, na safari ya kutoka bondeni hadi hospitali, ni hoja nyingine. Waandikie wenye helikopta uwaombe mchanganuo: uokoaji kiasi gani, tiba kiasi gani, usafiri kiasi gani. Pingamizi lako lisimame juu ya hizo sehemu mbili za mwisho, pamoja na sheria ya Ujerumani ya bima ya afya, SGB V, kifungu cha 13 aya ya 4. Ukipinga bili nzima kwa mkupuo watakujibu ukurasa mmoja mwingine.

Baba Tumaini, Leipzig:

Kila majira ya kiangazi nasema humu, na kila majira ya kiangazi inakuja bili. Jiungeni na DAV! Ndani ya ada ya mwaka mna ASS, bima ya wanachama, nayo inalipa kutafutwa na kuokolewa mpaka euro 25,000 kwa kila mtu, hata nje ya Ujerumani. Mtu ananunua viatu vya mlimani vya bei kubwa bila kusitasita, ada ya DAV anaiona ghali. Inaniuma, maana hizi ni fedha za watu wanaotuma karo nyumbani.

Na watu wajue wanapanda nini. Nyaya hizi hazikuwekwa kwa ajili ya watalii. Ziliwekwa na wanajeshi wa Italia na wa Austria katika vita vya 1915 hadi 1918 pale kwenye milima ya Dolomiti, wapate kupandisha risasi na chakula. Nimeingia kwenye mahandaki ya Lagazuoi, mlima mzima umetobolewa.

Njeri, Stuttgart:

Baba Tumaini, nakuheshimu, lakini dada ameumia tayari. ASS inalipa tu kama ada ilikuwa imelipwa kabla ya ajali. Kumwambia leo ajiunge hakumsaidii kwa bili hii.

Halafu nyaya hazikuanza na vita. Njia ya mlima Dachstein kule Austria iliwekewa vyuma na kamba mwaka 1843, kazi aliyoisimamia Friedrich Simony, na ile ya mlima Marmolada, Dolomiti, ni ya 1903. Vita vilikuta watu wanapanda.

Rehema, angalia mambo mawili. Kwanza, una bima ya matibabu ya safari za nje? Si GKV, ile ya binafsi ya euro chache kwa mwaka. Nyingi zina kipengele cha uokoaji kimejificha ndani ndani ya masharti. Kadi ya benki pia, baadhi zina bima hiyo. Mimi nililipiwa na kadi nilipoteguka goti Vorarlberg, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba inawezekana. Pili, hao walioangusha jiwe mlichukua majina yao? Kama walizembea, bima yao ya dhima ndiyo ya kudaiwa. Polisi wa milimani wa Austria huandika ripoti za ajali kama hizi, omba nakala.

Juma, Dortmund:

Mbona rahisi. Si alikuwa na wenzake wa kazini? Aseme ilikuwa ajali ya kazi, BG, bima ya ajali za kazini, ilipe.

Salim, München:

Juma, tafadhali usimpe mtu ushauri wa kumfukuzisha kazi. BG inahusika pale ambapo mwajiri mwenyewe ameandaa shughuli. Wauguzi wanne kukubaliana kwenda Tirol mwisho wa wiki si shughuli ya mwajiri. Huo ni udanganyifu, na kwa mtu aliye hapa kwa kibali cha kazi, kesi ya udanganyifu si jambo la kuchezea.

Juma, Dortmund:

Nimetoa wazo tu. Humu siku hizi mtu haongei.

Mzee Kimaro, Hamburg:

Wanangu, msigombane. Nimesoma yote haya nikakumbuka nyumbani. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, na ujana wangu nilibeba mizigo ya wageni. Kule Kilimanjaro kila mgeni analipa getini dola 20 za uokoaji kabla hajainua mguu. Anayeugua kambini Barafu au Kibo anashushwa. Hapa Ulaya mtu ananing'inia na mkono uliovunjika, huku mwenzake anahesabu gharama kabla ya kupiga simu. Nawasihi: mtu akiumia, piga simu kwanza, bili itajadiliwa akiwa hai.

Na kuna jambo lingine huwa linanikaa rohoni kila nikisikia habari za milima yao. Mwaka 1889 Hans Meyer alipofika kileleni kwetu, alichukua jiwe, akaja nalo huku. Nusu akampa Kaisari, likabandikwa ukutani Neues Palais pale Potsdam, na kilele kikaitwa kwa jina la Kaisari huyo mpaka tulipokiita Uhuru. Wazee wetu waliowaongoza na kuwabebea, kina Yohani Kinyala Lauwo, wapi bamba lao Potsdam? Ubalozi wetu ulisemee jambo hili. Sisi tuko hapa, tunalipa kodi hapa, tuna haki ya kuuliza.

Mwangi, Köln:

Mzee, naunga mkono kuhusu jiwe. Lakini Afrika Mashariki mlima si Kilimanjaro peke yake. Hata via ferata tunayo: Point Lenana, mita 4,985, Mlima Kenya, kuna vyuma na waya karibu na kilele. Watu wa humu wanakimbilia Dolomiti kupiga picha na kwao hawajafika.

Baba Tumaini, Leipzig:

Mwangi, anayekwenda kwao kwa wiki tatu baada ya miaka mitatu anakwenda kumwona mama yake, si Lenana.

Mama Neema, Nürnberg:

Baba Tumaini, hapo umesema. Mimi mwenyewe nikifika Moshi mlima nauona kwa dirisha la daladala, siku zinaisha kwa misiba na harusi.

Rehema mwanangu, jambo ambalo hawa wote wamelisahau: cheti chako cha kutofanya kazi. Kama kimeandikwa na daktari wa Austria, hakiendi kwa mwajiri kwa mtandao kama eAU, cheti cha kielektroniki cha huku. Unatakiwa upeleke karatasi wewe mwenyewe, kwa mwajiri na kwa bima. Mshahara wako wa wiki sita unategemea hilo, na wodi nyingine hutafuta visababu. Wakikuambia kupanda milima ni kujitakia, usikubali. Ulikuwa na vifaa, na jiwe limeangushwa na wengine.

Asha, Rosenheim:

Samahani kuingilia. Sisi Agosti tunataka kupanda mlima Alpspitze na watoto, wa miaka tisa na kumi na miwili. Kuna jirani anatuuzia seti mbili za via ferata, zile kamba za kujifungia kwenye waya, anasema kazitumia mara chache tu. Nichukue? Nimeogopa baada ya kusoma habari ya Rehema.

Salim, München:

Asha, usinunue. Mwaka 2012 kuna mtu alifariki Tirol baada ya kamba zote mbili za seti yake, ziitwazo mikono, kukatika alipoanguka, na baada ya hapo watengenezaji wakaziita seti nyingi zirudishwe. Za namna hiyo bado ziko kwenye mabanda ya watu, na mwenye nazo anaona ni mpya kwa kuwa hazina mikwaruzo. Kitambaa kinachoka hata kikiwa kabatini. Kodisha dukani, usome lebo: kiwango cha Ulaya EN 958, toleo la 2017.

Toleo hilo linapimwa kwa mtu wa kilo 40 hadi kilo 120, na hiyo 120 ni pamoja na nguo na mkoba. Wako wa miaka tisa ana kilo ngapi? Akiwa chini ya 40, kizuia mshtuko, sehemu ya seti inayopunguza nguvu ya kuanguka, hakitafunguka vizuri, ataanguka kama aliyefungwa kwenye kamba ya katani. Huyo lazima afungwe kwa kamba kutoka juu na mtu anayejua kazi hiyo. Baba yake anajua? Kama hajui, chukueni mwongoza mlima.

Karabina, zile pete za chuma za kujifungia kwenye waya, zihamishwe moja moja, kati ya chuma na chuma awepo mtu mmoja tu. Muwe mmetoka ukutani kabla ya adhuhuri, Agosti radi huja mchana na ule waya wote ni chuma. Na ada ya DAV mlipe familia nzima kabla ya safari. Kadi ya familia inawahusu watoto pia, ulizeni ofisi ya seksheni, yaani tawi, ya Rosenheim.