Indiana State wamefanyiwa figisu mchana kweupe, na msiniambie habari za "ratiba nyepesi"

Wakuu habari za asubuhi, leo Machi 20, 2024. Mnivumilie, uzi utakuwa mrefu na sijalala, nimetoka shifti ya usiku sasa hivi na damu inachemka toka Jumapili. Wale wa "basketi sio mchezo wetu" piteni kimya kimya, hapa naongea na wale tuliokuwa tunakesha enzi za Hasheem Thabeet yuko UConn (chuo cha Connecticut), mnaojua huku Marekani Machi ni mwezi gani.

Kwa ambaye hafuatilii nieleze haraka. Msimu huu wa 2023-24 timu 68 zinaingia mashindano ya taifa ya basketi ya vyuo. Ligi ziko 32, kila bingwa anaingia moja kwa moja, ila bingwa wanayemtambua ni yule anayebeba kombe la siku chache mwezi Machi, sio yule aliyeongoza msimamo tangu baridi ilipoanza. Yaani unaweza kuongoza ligi msimu mzima ukateleza Jumapili moja ukawa huna chako mkononi. Nafasi 36 zilizobaki zinagawiwa na kamati, na hapo ndo penye msiba.

Sasa Indiana State. Chuo kiko Terre Haute, kutoka hapa Indianapolis ni saa moja na ushee kwa gari, mji wa kawaida tu ambao usingeusikia kama sio Larry Bird, gwiji wa basketi aliyechezea chuo hiki. Wanacheza ligi ya Missouri Valley. Msimu huu mechi 20 za ligi wameshinda 17. Jumla ya msimu wameshinda 28 wamefungwa 6. Fainali ya kombe la ligi kule St. Louis wakafungwa na Drake 84 kwa 80. Pointi nne jamani! Na Drake wenyewe sio vibonde, ni timu ya maana na wameingia.

Jumapili majina yakasomwa kanda kwa kanda, zote nne, Indiana State hawamo.

Nilikuwa kazini. Kuna mzee mmoja tunafanya naye ghala moja, mzaliwa wa Terre Haute, ana kofia ya bluu ya chuo imepauka mpaka herufi hazisomeki vizuri. Tuliomba brek mapema, tukaegesha simu yake kwenye maikrowevu, tukakaa mimi na yeye na Mkongo mmoja wa Goma ambaye haelewi kitu ila alikaa kwa heshima ya mzee. Kanda ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna. Ya tatu mzee kavua kofia kaishika mkononi. Ya nne ikaisha. Hakutukana, hakusema kitu, akachukua simu, akamwaga kahawa yote kwenye sinki hajanywa hata funda, akarudi kwenye fokilifti. Yule Mkongo akaniuliza "kaka, kuna mtu amekufa kwao?" Nikakosa jibu.

Haya tuje kwenye hoja maana najua wataalamu mnasubiri na takwimu zenu.

NCAA wenyewe (chama kinachosimamia michezo ya vyuo), sio mimi, walileta kipimo chao cha kupanga ubora wa timu kinaitwa NET msimu wa 2018-19. Wakatupa kile cha zamani wakasema hiki ndo cha kisasa, kinaangalia umecheza na nani, wapi, na umecheza kwa ufanisi kiasi gani. Sawa, tukakubali. Indiana State wakamaliza ndani ya 30 bora ya kipimo hichohicho, nchi yenye timu zaidi ya 350. Virginia, timu ya ligi kubwa, walikuwa wa 54. Nani kaingia? Virginia. Wa 54 kaingia, wa ndani ya 30 kabaki nyumbani. Sasa kipimo mlikileta cha nini? Si mngesema tu kuanzia mwanzo kwamba mnaangalia jina lililoandikwa kwenye jezi.

Na jana usiku nyote mmeona. Virginia kapelekwa Dayton kwenye mechi ya mchujo kucheza na Colorado State. Nusu ya kwanza ana pointi 14. KUMI NA NNE, dakika ishirini nzima! Imeisha 67 kwa 42. Nilikuwa naangalia kwa kuibia kwenye simu nikawa nacheka kwa uchungu, supavaiza akadhani nina matatizo nyumbani. Mniambie hiyo ndo timu iliyostahili kuliko Indiana State ya Robbie Avila na miwani yake?

Maana yule dogo ni raha aisee, mpaka sasa sijamaliza kumwelezea mke wangu. Ni senta, mrefu, ila ukimkuta njiani unadhani ni mwalimu wa fizikia. Anavaa miwani ile mikubwa yenye mkanda nyuma ya kichwa, watu wamembatiza Cream Abdul-Jabbar, utani wa jina la gwiji Kareem Abdul-Jabbar aliyevaa miwani vilevile. Anapokea mpira juu kwenye kona ya boksi amegeuzia goli mgongo, beki anamsubiri ageuke apige, yeye hata haangalii, anautelezesha chini kwa mwenzake aliyekata nyuma, leyapu rahisi. Ukimwachia nafasi anarudi nyuma ya mstari anakupiga tatu. Kocha Josh Schertz msimu wake wa kwanza pale alishinda 11 akafungwa 20, huyohuyo, mwaka wa tatu ndo kafikisha 28. Hiyo ni kazi ya mikono, hajanunuliwa kikosi na tajiri.

Ninajua jibu lenu. "Mkuu, ushindi wa Kwadi 1 wanao mmoja tu." Nilikuwa naisubiri hii. Kwadi 1 maana yake, kwa kipimo cha NET, umshinde mtu wa 30 bora kwako, au 50 bora uwanja huru, au 75 bora kwake. Sasa hizo mechi zinatoka wapi? Timu kubwa hawaji Terre Haute. HAWAJI. Wanakupigia simu wanakwambia njoo kwetu tukulipe ucheze, kurudisha mechi sahau. Indiana State msimu huu walifuata vigogo wawili kwao, Alabama wakapigwa 102 kwa 80, Michigan State 87 kwa 75. Sawa walifungwa, ila wao ndo walipanda basi. Halafu timu ya ligi kubwa haihitaji kutafuta mtu, kalenda yenyewe inampa Kwadi 1 kila wiki, anafungwa saba anashinda tatu wanamwambia hongera una ushindi wa maana. Michigan State huyohuyo ameingia na rekodi ya 19 kwa 14, tena kapangwa namba 9 kwenye kanda yake. Amefungwa mara 14! Ni sawa na umkataze mtu kuingia sokoni halafu jioni umuulize mbona kapu tupu.

Na sitaki kuwa mnafiki, kuna wiki moja tulijiharibia wenyewe. Februari tukaingia orodha ya 25 bora ya shirika la habari la AP tukiwa wa 23, mara ya kwanza tangu enzi za Bird, mji mzima unaimba, kesho yake tu tukafungwa na Illinois State nyumbani, Jumamosi ikafuata Southern Illinois. Mechi mbili wiki moja. Ile ya Illinois State haina utetezi, nakubali, ningekuwa kwenye kamati na mimi ningeiandika kwa wino mwekundu. Ila Virginia nao walifungwa 10, hakuna aliyewauliza.

Kuna wanaosema lawama ziwaendee "wezi wa nafasi", NC State, Oregon, New Mexico, Duquesne na UAB waliobeba makombe ya ligi zao bila kutegemewa. Hapana, hao siwagusi. NC State wamecheza siku tano mfululizo mechi tano wakashinda zote, wametolea jasho uwanjani. Mimi shida yangu ni wale waliopewa mezani.

Halafu mnasema timu ndogo zikipewa nafasi zitaaibika. Hivi mmesahau kila kitu? George Mason 2006 hawakuwa mabingwa wa ligi yao, walipewa na kamati, watangazaji wakapiga kelele kwamba hawastahili, wakaenda wakamtoa Michigan State, North Carolina na UConn wakafika nne bora. VCU 2011 walianzia mechi ya mchujo Dayton, wakafika nne bora. Na Wichita State 2013, hii ndo inaniuma zaidi, walikuwa ligi HIIHII ya Missouri Valley, wakafungwa fainali na Creighton kwa pointi tatu, yaani stori ileile ya Indiana State, ila wao wakapewa namba 9, wakamtoa Gonzaga aliyekuwa namba 1, nne bora. Kwa hesabu za kamati ya mwaka huu wale wangeangalia mashindano kwenye tivii.

Na msidhani ni heshima tu, ni pesa. Kila mechi timu inayocheza kwenye mashindano, ukiacha fainali, ligi yake inapata mgao unaolipwa kwa miaka 6, jumla inakaribia dola milioni 2 kwa mechi moja. Kwa ligi kubwa hiyo ni chenji. Kwa Missouri Valley ni mshahara wa watu. Kwa hiyo kila nafasi mnayompa kigogo wa kumi na kitu mnamwongezea mwenye shibe.

Hata faraja yenyewe wameichezea. Zamani ukiongoza msimamo wa ligi yako ukakosa mashindano makubwa ulikuwa na uhakika wa NIT, mashindano ya pili ya waliokosa yale makubwa. Mwaka huu wamefuta, nafasi za uhakika wamezipeleka kwa ligi sita kubwa, mbilimbili. Na wakubwa wenyewe unajua wamefanya nini? Oklahoma, Pitt na St. John's wamekataa kwenda, wamesusa, hawana hamu. Chakula umenyang'anywa wewe, aliyepewa anasema ameshiba.

Leo usiku Indiana State wanaanza NIT nyumbani pale Hulman Center na SMU. Mzee ameomba ruhusa kazini. Mimi ruhusa sijapata, nitaibia tena, supavaiza asome tu uzi huu nimechoka.

Anayetaka kutetea kamati aje, ila aje na jibu la swali moja: wa 54 kamzidi nini aliye ndani ya 30? Na usiniletee neno "chapa".

UPDATE: Imeisha 101 kwa 92, Sycamores (ndo jina la timu ya Indiana State) wameshinda. Mia moja na moja wakuu!! Virginia kwa ile kasi yao ya jana nusu ya kwanza wangehitaji zaidi ya mechi tatu na nusu kufika hapo. Mzee kanitumia picha kutoka jukwaani, mkono unatetemeka haionekani kitu zaidi ya ukungu wa bluu na kipande cha kofia.