Naomba ushauri: aiskrimu ya limau na chungwa bila mashine, isitoke na chenga za barafu

Tulia_Jikoni
Habari za jioni wadau. Naombeni vipimo na hatua za kutengeneza aiskrimu ya limau na ya chungwa nyumbani. Mashine sina. Nina friji ya mlango mmoja yenye friza ndogo juu, kifaa cha mkono cha kupigia mayai, kikwaruzo, chujio na sufuria za kawaida za alumini. Yananitatiza haya: limau halikati maziwa? Uchungu wa ganda unazuiwaje? Na chenga za barafu zinatokana na nini? Umeme huku unakatika sana, kwa hiyo kama ipo njia isiyotegemea friza naiomba pia.

Mpishi_Raskazone
Karibu sana. Anza na ya limau, ndiyo nyepesi. Mahitaji: krimu ya kupiga ml 500 (soma boksi, mafuta yawe asilimia 35, krimu ya kupikia ina mafuta machache, haitasimama hata uipige hadi asubuhi), maziwa mazito ya kopo yenye sukari kopo 1 la gramu 397, juisi ya limau ml 120 iliyochujwa, ganda la malimau 3, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili.

Krimu ilale kwenye friji usiku mzima, sehemu ya chini, si kwenye friza. Bakuli na kifaa cha kupigia viweke kwenye friza dakika 20. Kwa joto la pwani, kalisha bakuli juu ya maji yenye barafu wakati unapiga, maana krimu ikipata joto mafuta yake hulainika na hewa haikai.

Osha malimau, kwaruza ganda kwa matundu madogo, rangi ya juu tu. Ukiona weupe, geuza tunda: uchungu uko kwenye ule weupe, na ukishaingia hautoki kwa sukari. Changanya ganda, chumvi na maziwa ya kopo, kisha mimina juisi kidogo kidogo huku ukikoroga. Maziwa ya kopo hayakatiki kama maziwa mabichi. Yatakuwa mazito kama mtindi ndani ya dakika moja au mbili, na ndivyo tunavyotaka. Usitie juisi tupu kwenye krimu.

Piga krimu hadi ukiinua kifaa kilele kisimame na ncha yake iiname. Hapo acha. Ukizidisha itaanza kuwa na chembechembe, na hiyo ni siagi inakuja. Chukua theluthi ya krimu uikoroge na mchanganyiko wa limau ili ulainike, halafu tia iliyobaki na uigeuze taratibu kutoka chini kwenda juu. Mimina kwenye chombo cha plastiki, laza nailoni juu igusane na aiskrimu, funika. Saa 8 kwenye friza.

Kuhusu chenga: ni maji yaliyoganda polepole bila kitu cha kuyatenganisha. Mashine huyatenganisha kwa kuzungusha na kuingiza hewa. Hapa kazi hiyo inafanywa na mafuta, sukari na hewa uliyopiga kwenye krimu. Kwa sababu hiyo, ule ushauri wa kukoroga kila nusu saa hauhusu aiskrimu hii. Ukikoroga unaitoa hewa.

Shamba_Muheza
Kwa chungwa usifuate kipimo hicho kama kilivyo. Juisi ya chungwa haina ukali wa kutosha kushindana na utamu wa maziwa ya kopo, na ukiongeza juisi ili ladha isikike unaongeza maji, chenga zinarudi. Kamua ml 500, chuja, chemsha moto mdogo hadi ibaki ml 120, ipoe kabisa, ndipo utie juisi ya limau vijiko 2 vya chakula. Kuchemsha kunafukuza harufu, kwa hiyo irudishe kwa ganda: machungwa 2, likwaruzwe na kusuguliwa kwa vidole na kijiko 1 cha sukari hadi sukari iloe mafuta ya ganda. Ganda likiwa la kijani kama ya Muheza hakuna tatizo, chungwa la maeneo ya joto huiva ndani na nje likabaki kijani.

Na tafadhali usichemshie kwenye alumini. Tindikali inaila sufuria na juisi inachukua ladha ya chuma. Tumia ya stili, au ya enameli isiyobanduka.

Bin_Nassor
Nakubaliana na waliotangulia, naongeza la friza. Friza ndogo ya ndani ya friji ya mlango mmoja mara nyingi haifiki nyuzi -18, na mchanganyiko wenye sukari nyingi hubaki laini. Geuza kidhibiti kwenye baridi kali tangu usiku wa kuamkia, tumia chombo kipana, kina kisizidi sentimita 4, na kiguse sakafu ya friza bila kitambaa katikati.

Umeme usipokuwepo: ndoo ya lita 10, barafu iliyopondwa kilo 3, chumvi ya mawe kilo 1, vipangwe kwa tabaka. Katikati simamisha kopo la stili la lita 1 lenye mfuniko, lililojazwa nusu. Barafu peke yake inaishia nyuzi 0, na mchanganyiko wenye sukari haugandi hapo. Chumvi ndiyo inayoishusha chini ya -10. Zungusha kopo kwa mkono, kila dakika 5 futa mfuniko, fungua, kwangua kingo. Dakika 30 hivi inakuwa laini ya kuliwa papo hapo. Maji ya chumvi yasifike usawa wa mfuniko.

Ikiyeyuka kabisa kwa kukatika umeme, usiigandishe tena. Hewa imeshatoka, na kama ilikaa kwenye joto si salama kuliwa.

Tulia_Jikoni
Asanteni sana, nimeelewa. Swali moja: kuna mgeni asiyetumia maziwa kabisa. Tui la nazi linafaa?

Mpishi_Raskazone
Linafaa, hasa na ndimu. Tui zito la kwanza ml 500, sukari gramu 150, kornflawa vijiko 2 vya chakula iliyokorogwa na maji baridi kidogo, chumvi kidogo. Pika moto mdogo ukikoroga bila kuacha, maana tui hukatika. Likishakuwa zito epua, lipoe kabisa, ndipo utie juisi ya ndimu ml 80 na ganda la ndimu 2. Usitie juisi jikoni, tindikali na moto pamoja huvunja uzito wa kornflawa. Hili halina hewa ya krimu, kwa hiyo hapa ndipo unapokoroga kwa uma likiwa kwenye friza: kila dakika 40, mara nne. Mafuta ya nazi huganda magumu, litoe nje dakika 15 kabla ya kuchota.